Mama Kaenda Mvumi

Leeds, Uingereza
Jumatano, usiku

Mdogo wangu Damari,

Mbukwenyi. Najua salamu hii unaisoma umenuna. Tangu Jumapili hujapokea simu yangu hata moja, na meseji zangu zote zina tiki za bluu bila jibu. Una haki. Ndiyo maana nimeiweka simu kando nikashika kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa bweni. Barua hii anakuletea Mama Elia, yule wa Nkuhungu. Anapanda ndege Ijumaa, na akifika Dar atachukua SGR, kwa hiyo panapo majaliwa Jumapili asubuhi utakuwa nayo. Kuna na kifurushi. Usikifungue kwanza, soma.

Nianze na lililo bovu. Nilikuita mwongo. Nilikuita mwongo mbele ya Baba, na mbele ya Amosi na Foibe waliokuwa wamesimama nyuma yako wakinipungia mkono. Baba aliuliza tu, "Mama yenu yuko wapi?" Ukamjibu kama unavyomjibu kila siku, kaenda Mvumi kumwuguza dada yake. Nami mtoto wa kwanza, mwenye akili nyingi, nisiyemwogesha wala kumfulia, nikaona nisahihishe. "Baba, Mama alifariki. Tulimzika mwaka 2022. Na wewe ulikuwepo."

Uso ule sijawahi kuuona. Hata siku ya mazishi hakuwa vile, maana siku ile alikuwa amemwuguza miezi mitano na alikuwa anajua. Jumapili alikuwa hajui. Nilimpa habari mbichi, kama mtu aliyepigiwa simu usiku wa manane. Akaanza kuniuliza kwa Kigogo, na Kigogo changu kimeota kutu, nikaambulia mawili matatu: ni lini, na nani aliyechimba kaburi. Halafu akainuka kutafuta jembe. Simu ikaanguka, nikabaki naangalia dari lenu huku nakusikia unambembeleza. Dakika nne. Nilikuwa naziona zinahesabika kwenye kioo, na sikuweza kukata.

Yaliyofuata kaniambia Amosi. (Usimgombeze, nilimchimba mimi.) Kwamba Baba hakulala. Kwamba asubuhi hakukumbuka hata neno moja nililosema, ila alishinda analia na ukimwuliza analia nini hajui, na uji akausukuma. Hapo ndipo niliponyimwa usingizi. Mimi nilidhani mtu akisahau kasahau, vyote vinaondoka pamoja. Kumbe habari inatoka kichwani, uchungu wake unabaki umekaa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukuambia, na utacheka, au utanitukana. Kwenye basi langu la asubuhi hupanda bibi mmoja wa Kizungu, kavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kila siku akiingia huniuliza kama tutafika kiwandani kabla ya king'ora. Kiwanda cha kushonea suti. Mji huu zamani ulikuwa wa washona suti, maelfu ya wanawake walifanya kazi humo, na viwanda vile vilishafungwa. Siku za mwanzo nilikuwa namwambia, "Bibi, hicho kiwanda hakipo." Anashtuka, anaanza kutetemeka, abiria wananitazama mimi kana kwamba nimempiga. Dereva mwenzangu, mzee wa Kijamaika, akanivuta pembeni karakana akaniuliza hivi wewe unapata faida gani ukimshinda yule bibi? Tangu siku hiyo namwambia, "Leo wamewapa mapumziko, mama." Hufurahi huyo! Anasema basi ataenda sokoni. Anashuka sokoni, na kuna binti yake humpokea pale.

Mwaka wa pili huu, Damari. Mama wa watu namdanganya kila siku ya Mungu, nadanganya kwa tabasamu, na sijawahi kuona kuwa ni dhambi. Halafu nikakuita wewe mwongo.

Nadhani kilichonichoma si uongo. Kilichonichoma ni kusikia Mama anatajwa kana kwamba anarudi kesho. Moyo wangu uliruka, nao ukaanguka, ndani ya sekunde moja. Nikamkasirikia aliyeurusha. Basi. Nimesema, na sitalirudia.

Tuje kwenye genge. Mwezi wa sita uliponiambia kwamba ukiaga "naenda gengeni" Baba naye anavaa viatu, eti watu wake wanamsubiri, nilicheka nikapita. Leo nimekaa kituoni kusubiri zamu nikalifikiria upya. Wewe genge lako ni meza ya nyanya na vitunguu. Genge lake ni wanaume kumi na wawili, nyundo, na mataruma ya reli. Neno moja, na kwa neno hilo moja umempata mzee anayetoka nyumbani mwenyewe bila kusukumwa. Halafu ile picha uliyonitumia ya mafungu ya nyanya aliyoyapanga! Nimeikuza kwenye simu. Yamenyooka, Damari. Nafasi kati ya fungu na fungu ni ileile, mwanzo hadi mwisho wa meza. Yule si mtu aliyepotea. Yule ni mnyapara kazini. Alianza kazi 1968, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika 1977 akahamia Shirika la Reli Tanzania mpaka anastaafu 2001. Miaka thelathini na mitatu ya kutazama kama kitu kimenyooka. Hilo haliondoki upesi.

Unakumbuka tulivyompandisha SGR kwenda harusini Dar? Watu wote wanashangaa mwendo, yeye kainamisha sikio dirishani. Akasema, "Reli hii haina viungo. Haisemi." Tukamcheka, tukadhani ndiyo ugonjwa. Alikuwa sahihi. Reli ile mpya imechomelewa vipande vikawa kitu kimoja, ile tak-tak, tak-tak ya reli ya zamani haipo. Ndani ya behewa zima yeye peke yake ndiye aliyesikia ukimya ule.

Na jioni. Jioni ndiyo nataka tuizungumze vizuri, kwa sababu unasema ndipo anapokusumbua zaidi: jua likishuka anazunguka, anatikisa geti, anamwulizia Mama. Daktari alikwambia wagonjwa wengi wa namna hii huchafuka jioni, na bibi wa kofia naye binti yake ananiambia hivyohivyo. Sawa. Lakini Baba jioni anatafuta kitu, nami nafikiri nakijua, ila wewe ulikuwa mdogo mno kukikumbuka.

Mwaka 1997, mvua za El Nino zilipoingia, tulikuwa kota za reli pale Gulwe. Wewe una miaka saba, mimi kumi na mbili. Unaujua Kinyasungwe: miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo, halafu mvua ikinyesha huko juu unakuja ukuta wa maji usiku na kubeba tuta, kokoto na kila kitu, reli inabaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kazi ya Baba ilikuwa kuiwahi treni. Kila jioni, giza likianza kuingia, alitoka kwenda kutembea njia na daraja. Na kila jioni Mama alikuwa mlangoni. Taa ya chemli ameshaijaza mafuta na kuisafisha kioo kwa karatasi, chupa ya chai iko mkono wa pili. Hawakuwa wanasema kitu. Anampa taa, anampa chai, mzee anaondoka. Mimi nilikuwa nalala nikisikia hatua zake kwenye kokoto, nikijua kwamba abiria wa Kigoma watavuka salama.

Sasa mtu huyu kila jioni anasimama mlangoni kwako na hakuna anayempa taa. Pengine ndiyo maana anauliza "mama yenu yuko wapi." Pengine nakosea, pengine anamtaka mkewe tu, kama mtu yeyote. Lakini tujaribu.

Ndani ya kifurushi kuna taa. Ya betri, siyo ya mafuta, usiogope nyumba kuungua, ila ina umbo la chemli na mpini wa juu. Mpe Foibe. Jua likishuka Foibe ampelekee Babu mlangoni pamoja na kikombe cha chai, wasiseme kitu, halafu Amosi atembee naye mpaka mwisho wa ukuta na kurudi. Wakirudi Amosi aseme, "Njia ni salama, Mnyapara." Kama hakulala usiku huo, nitajua nimebuni tu, na sitakusumbua tena na nadharia za ng'ambo.

Kuna na kizibao cha riflekta, kama vya bodaboda, rangi ya machungwa. Ni changu cha kazini, nimepewa kipya. Ule usiku vijana wa bodaboda walipomkuta Stesheni amekaa peke yake, waliniogopesha waliposema gari lilikuwa nusura limgonge barabarani. Kwa ndani, upande wa kushoto, nimeandika namba yako kwa wino usiofutika. Ukimwambia ni ya usalama atakataa. Mwambie ni sare imeletwa kutoka makao makuu.

Kuhusu Baba Mdogo na safari yake ya kwa mganga: mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie. Na wale wanaonong'ona pale jirani kwamba mzee anazunguka usiku "kwa shughuli zake", mwite mjumbe wa mtaa mapema umweleze kuwa ni ugonjwa, mwonyeshe na cheti cha hospitali. Mzee mwenye macho mekundu anayezunguka gizani, nchi yetu tunaijua. Usisubiri maneno yakomae.

Halafu lile la Machi. Alipobadilika ndani ya siku tatu, akawa hakutambui kabisa na kuona watu ukutani, sote tulidhani ndiyo mwisho, mimi nilishaanza kutafuta tiketi. Kumbe ni UTI. Dawa za wiki moja akarudi alivyokuwa. Nimemweleza nesi mmoja tunayesali naye, akasema likae kichwani: ugonjwa wenyewe huteremka polepole, kwa miezi na miaka, akiporomoka ghafla, kimbiza apimwe mkojo, malaria na maji mwilini, usikubali mtu akwambie "ni uzee." Kuupona huu wa kusahau hakuna dawa, hilo daktari alituambia wazi. Lakini hayo mengine yanatibika.

Hela nimetuma jana, nimeongeza kidogo. Najua ulichoniambia, kwamba hela haimwinui mtu kitandani saa tisa usiku. Sina jibu la neno hilo. Nimeomba likizo Novemba, wiki tano, na nikija chumba cha Baba nalala mimi. Wewe nenda kwa wifi yako Mpwapwa, au lala tu na mlango umefungwa, sitakugongea. Watu wakija kuniuliza kaenda wapi Damari, nitawaambia kaenda Mvumi.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Jumapili jioni nitapiga. Baba ataniuliza. Safari hii nataka nijue la kusema, na liwe lilelile unalolisema wewe, maana hata kama hakumbuki, anahisi tukipishana. Kwa hiyo nitumie kwa sauti, au mwambie Amosi aandike: Mama alipanda basi la saa ngapi? Nani alimsindikiza? Alisema atarudi lini, au unasema tu mvua zikikatika? Amevaa kitenge kipi?

Na kama hukupanga alibeba nini, mimi nimeshakisia. Mama asingekwenda kwa dada yake mikono mitupu. Tuseme alibeba mchele wa Bahi, kilo tano, kaufunga kwenye kile kikapu chenye mpini uliokatika, na akatuachia maagizo kwamba chemli isikae bila mafuta.

Ni mimi kaka yako,
Yona