Kwa nini tunaoka wenyewe: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini tunajisumbua kuoka nyumbani wakati kwa Mangi pale kona mikate haikosekani, na mama wa vitumbua yuko barazani na karai lake tangu alfajiri. Swali lako ni la maana. Kwa kuwa sasa unajua kusoma mwenyewe, nimeona nikujibu kwa barua. Isome taratibu, na neno likikushinda mfuate baba yako.

Mkate wa dukani hauna ubaya. Siku za shule ndio tunaokula, na vitumbua vya yule mama ni vitamu kwelikweli, hasa vile vya mwanzo vinavyotoka na kingo kavu. Hata ukija kwenye pesa, ukijumlisha unga, mayai, sukari, nazi na mkaa, mara nyingi cha kununua hutoka rahisi. Kwa hiyo usije ukawaambia rafiki zako kwamba mama anaoka ili kubana matumizi. Naoka kwa sababu kazi nyingi za nyumba hii tunawaambia ninyi watoto, "Subirini huko nje," lakini hii bila ninyi haiendi.

Tazama wiki yetu ilivyo. Saa kumi na moja alfajiri niko macho, kabla jua halijatoka vizuri umeshavaa sare, na baba yako akiwa na shifti ya usiku bandarini anaingia wakati sisi tunatoka. Jioni ni foleni ya Barabara ya Morogoro, kuoga, madaftari, ugali, kulala. Tunaonana, ila kwa kupishana mlangoni. Jumamosi ndiyo siku ambayo wote wanne tunakaa hapa uani, Magomeni, na hakuna anayetafuta viatu vyake. Siku hiyo naitunza. Ndiyo maana huwa nakataa shughuli za Jumamosi asubuhi hata watu wakininunia.

Wewe ndiye mkaguzi wetu wa mayai. Unajaza bakuli maji, unatumbukiza yai moja moja kwa vidole vyote vitano. Linalolala chini ni jipya, linalosimama wima bila kuelea limekaa siku kadhaa lakini bado linafaa, na linaloelea unalitenga pembeni. Nilikueleza kwamba ganda la yai lina vitundu vidogo mno, na kadiri siku zinavyokwenda unyevu wa ndani hupungua na hewa ikachukua nafasi yake, ndipo yai linakuwa jepesi. Tangu siku hiyo hakuna yai linalopita humu ndani bila ruhusa yako, hata la kukaanga. Baba yako ameshawahi kuchelewa chai akingoja ukaguzi, na alingoja bila kulalamika. Napenda sana ulivyo makini, baba. Unaitwa jina la babu yako, na umakini huo ni wake.

Mdogo wako ana iliki. Kumenya maganda yale makavu na kutoa punje nyeusi za ndani ni kazi inayotaka vidole vidogo na mtu asiye na haraka, na yeye ana vyote viwili. Hapo hulala kifudifudi kwenye mkeka, ulimi nje, punje moja kikombeni na nyingine mdomoni. Hadi usiku, nikimbeba kwenda kulala, vidole vyake vinanukia iliki. Iliki hiyo bibi yenu wa Kigamboni hununua ikitoka milima ya Usambara, kule Tanga alikozaliwa, na hukubali nyingine kwa shingo upande.

Mkate wa mayai ndio mliouzoea zaidi. Mayai sita, kikombe cha sukari, kikombe cha unga, na iliki ya mdogo wako, basi. Hamira haimo, wala siagi. Kinachouinua ni hewa tunayoipigia ndani ya mayai na sukari, kwa hiyo tunapokezana: mimi, wewe, baba yako, halafu mimi tena. Kipimo tunachotumia umekibuni wewe. Unaandika kwa kijiko herufi ya kwanza ya jina lako juu ya povu. Ikizama, tunaendelea kupiga. Ikibaki inasomeka, unga unaingia, kidogo kidogo, kwa mwiko, kwa kugeuza toka chini. Hapo hakuna kupiga tena, maana hewa ikitoka mkate unadoda. Mimi nimeoka mkate huu tangu usichana wangu na hakuna aliyewahi kunifundisha kipimo kizuri kuliko hicho chako.

Lakini mkate wa moyo wangu ni wa kumimina. Mchele anautuma bibi yako wa Kyela, unakuja na basi ndani ya kiroba kilichoshonwa kwa mkono. Nazi ni za pwani ya kwetu. Kwa hiyo kila mkate wa kumimina tunaoutoa hapa una upande wa baba na upande wa mama, na nataka ulijue hilo unapoula. Mchele unalala ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi tunakuna nazi, unapigania kukalia mbuzi na mimi nakuruhusu raundi chache kwa sababu meno yale hayana huruma, kisha tunakamua tui zito na kusaga vyote pamoja na hamira, chembe ya sukari na iliki mpaka ulaini wa uji. Tunafunika. Ukishaumuka ndipo inaingia sukari iliyobaki na ute wa yai.

Hamira ni viumbe hai, vidogo kiasi kwamba bila hadubini huvioni. Vikipata uvuguvugu na chakula hula, na vikila hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Vile viputo unavyovitazama vikipasuka juu ya uji ndiyo hiyo. Joto likizidi hufa, ndiyo maana nakwambia utie kwanza kidole safi kwenye tui: likikuchoma wewe, linawaua wao. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam hamira haina shida. Januari na Februari, kaskazi likiwa limetukaba na shati limeganda mgongoni, uji unaumuka kabla hamjamaliza mchezo wa rede. Julai, kusi likivuma, tunangoja sana, na bakuli tunalifunga kwa kanga na kuliweka dirishani lipate jua.

Kungoja huko, mwanangu, ndiko hasa ninakokutaka. Nikikuuliza jioni, "Shule vipi leo?" jibu lako ni, "Salama." Nikiuliza tena unasema, "Salama tu, mama." Lakini Jumamosi moja ulikuwa unapaka mafuta kwenye sufuria, bila mtu kukuuliza, ukasema unaogopa kusimama mbele ya darasa kusoma kwa sauti. Ukasema koo linakauka na wenzako wanacheka. Hukuniangalia. Nami sikukugeukia, niliendelea kuchuja tui, nikauliza ni maneno gani yanayokusumbua, ukayataja moja moja. Yale mazungumzo tusingeyapata mezani mimi na wewe tukitazamana. Baada ya hapo baba yako akaanza kukaa nawe barazani ukimsomea gazeti, na mdogo wako na wanasesere wake ndio darasa. Siku uliyorudi na kusema umesoma ukurasa mzima, nilikwenda chumbani kulia kidogo. Ni furaha tu.

Mengine huja yenyewe pia. Hadithi ya baba yako alivyovuka mto Kiwira akiwa na umri wako kwenda kumtafuta ndama, tuliisikia tukingoja unga. Mimi mke wake sikuwa nimeisikia.

Yeye kazi yake ni moto. Sufuria inakaa juu ya makaa machache, mfuniko unapaliwa makaa mengi, kwa sababu moto wa chini ukizidi kitako kinaungua na juu bado ni uji. Anasimama pale na koleo akihamisha kaa moja moja, na ninyi wawili mnakaa nyuma ya mstari aliouchora kwa chaki. Mstari ule hauvukwi na sitaki ubishi juu yake. Unajua kwamba chakula cha kila siku tumeshahamishia kwenye gesi na mkaa umebaki wa mikate tu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Mimi na baba yako tumekubaliana kuweka akiba ya oveni. Bibi anasema mkate wa oveni hauna harufu. Nampenda na namheshimu, lakini vifua vyenu vina thamani kuliko harufu ya mkaa, na misitu inayokatwa ili sisi tuoke Jumamosi ni mali yenu.

Kuna mtu mzima mmoja wa hapa mtaani aliyekuona na unga mashavuni akasema mtoto wa kiume hakai jikoni. Uliingia ndani ukanawa uso. Nilikuona. Sasa nisikilize vizuri. Pwani hii, harusi ikiwa kubwa, wanaosimamia yale masufuria ya pilau na biriani mara nyingi ni wanaume, na watu husafiri kuwafuata. Nenda bekari yoyote ya mjini usiku, utakuta wanaume wanaokanda mkate utakaonunuliwa na mji mzima asubuhi. Baba yako anatoka bandarini usiku kucha kazini na bado anapalia makaa. Mkubwa akisema neno la namna ile unamsikiliza kwa adabu, unampa shikamoo yake, yameisha, unarudi kwenye unga wako. Adabu haikulazimishi kukubali.

Kuhusu siku yako ya kuzaliwa: nimeona unavyotazama zile keki za krimu zenye picha ya mtoto juu. Ni nzuri, na waokaji wake ni mafundi. Ila yako nitaendelea kuioka mimi mpaka utakaponiambia basi. Napenda kuiona ikikatwa ungali na maji kichwani waliyokumwagia wenzako, ukizunguka na kuwalisha watu kipande kipande kwa mkono wako: bibi kwanza, halafu baba, halafu majirani kwa umri wao. Mwaka jana ulimlisha mdogo wako mara mbili kwa kuwa alikuwa amelala foleni ilipompita. Hakuna aliyekutuma.

Majirani nao ni sehemu ya jibu langu. Kila tukioka, sahani moja inakwenda nyumba ya kushoto na nyingine nyumba ya kulia, na ninyi ndio wapelekaji. Kwa desturi yetu sahani hairudi tupu. Kwa hiyo inarudi na maembe, na bajia, na Krismasi inarudi na keki ya mama wa upande wa pili ambayo ina zabibu na mnaigombania. Idi sisi tunapeleka visheti. Mmekua mkijua kila mlango wa uani huu kwa sababu mmeugonga mkiwa na kitu mkononi, na mama wa kila nyumba anajua majina yenu. Siku nikichelewa kazini, hiyo ndiyo amani yangu.

Na Jumapili kinachobaki kinavuka kwenda Kigamboni kwa bibi. Daraja lipo tangu 2016 na lingetufikisha vizuri tu, lakini ninyi mnataka pantoni. Basi tunapanga foleni Magogoni na watu, baiskeli na makapu, wewe umeshika chombo cha mkate kwa mikono miwili na hukubali nikusaidie. Bibi anafungua mfuniko, ananusa kabla hajaonja, anauliza, "Nani kamenya iliki?" Mdogo wako anajificha nyuma ya khanga yangu akitaka aitwe.

Hayo ndiyo majibu yangu. Jumamosi hii tunafanya wa kumimina, na wewe ndiye utakayemimina, mimi nitashika sufuria tu. Ijumaa kabla hujalala, osha vikombe viwili vya mchele wa Kyela mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kisha uroweke kwenye bakuli la bluu, maji yapite juu yake kwa upana wa vidole viwili. Funika vizuri, kuna sisimizi siku hizi. Nazi mbili nimeshamwambia baba yako apitie Ilala. Mayai yatakuwa mezani, yakague.

Nakupenda sana.

Mama yako