Kigoda chako kimepasuka? Usikimbilie gundi

Wadau, karibu kila wiki lazima mtu atutumie picha ya kigoda chenye ufa, na swali ni lile lile, jamani mmeniuzia kibovu? Hebu tueleweshane.

Kigoda cha kuchonga hakina msumari wala kiungo, pa kukalia na miguu yote imetoka gogo moja, na fundi analichonga likiwa bichi maana likishakauka tezo inagonga tu, hailiingii. Sasa kazi ikiisha maji bado yanatoka mdogo mdogo, mti unasinyaa, na ufa mara nyingi unaanzia kwenye kiini. Ukiona ufa mwembamba umetoka katikati unaelekea pembeni, huo ni ukavu tu, we kalia. Ila ukishuka mpaka mguuni na ukikandamiza unacheza, hicho tuletee. Gundi ngumu usijaze, kwa sababu mvua zikianza mti unavimba, ufa unataka kujifunga, gundi inauzuia, afu unapasuka kwingine.

Maadui ni jua la dirishani na kiyoyozi. Usikioshe, futa na kitambaa kikavu, mafuta ya mbao kidogo sana mara mojamoja. Vya Waasante wa Ghana ni habari nyingine, vile vyeupe kwa desturi husuguliwa na mchanga, ukipaka mafuta umeharibu.

Kuna dada alituuliza kwa upole kabisa, eti naruhusiwa kukikalia? Dada yangu, kalia! Mwanaume wa Kiturkana anatembea na chake mkononi, akichoka anakikalia, akilala anaweka kichwa juu yake nywele zisiharibike, na ule weusi unaong'aa unaoupenda ni jasho na mikono ya miaka, hakuna vanishi ya kuuiga. Kweli vipo visivyokaliwa hovyo, kile Kiti cha Dhahabu cha Waasante hakuna anayekikalia, na gavana Mwingereza alipokidai akikalie mwaka 1900 ikawa vita. Chako si hicho.

Kuna kimoja chenye ufa tuliletewa, tumekiweka kivulini wiki tatu, ufa umejifunga zaidi ya nusu bila kuguswa na chochote. Mwenyewe kaja kukichukua jana, akakikalia hapohapo huku anasubiri risiti.