Mhamiaji wa Kidenmark asikumbukwe nusu

Ndugu Mhariri,

Tumeisoma kwa furaha kumbukumbu mliyochapa ya mzee wa Kidenmark aliyehamia Iowa, Marekani, akiwa kijana, akaoa, akalima, akalea watoto na kuwaona wajukuu, na akafa mzee sana huku uchangamfu wake haujapungua. Imeandikwa kwa upendo. Ila kuhusu maisha yake kabla ya kupanda meli tumeambiwa tu kwamba alizaliwa Denmark. Sisi kazi yetu ni kufuatilia nasaba za wahamiaji hao, na inatuuma kila tunapokutana na maelezo mafupi namna hiyo, kwa sababu wajukuu wakiyashika hayo tu hawafiki popote.

Kumbukumbu za Denmark zimepangwa kwa parokia. Asiyejua parokia, hata akiwa na jina kamili na mwaka wa kuzaliwa, atakutana na akina Jens Hansen wasiohesabika. Tena jina lenyewe halitulii. Vijijini mtoto hakurithi jina la ukoo, bali alichukua jina la kwanza la baba: mwana wa Hans Pedersen aliitwa Jens Hansen, na binti wa Jens akawa Maren Jensdatter. Amri ya mwaka 1828 ilitaka kila familia iwe na jina moja la kudumu, wakulima wengi wakaendelea na desturi yao, hadi serikali ikalazimika kulitilia mkazo tena mwaka 1856. Wakifika Marekani mambo yaligeuka upya. Penye akina Hansen wengi barua zilipotea, basi mmoja akaamua kujiita kwa jina la kijiji alikotoka. Ndugu wa tumbo moja wakaishia kuwa na majina mawili tofauti, na wajukuu zao leo hawajui kuwa ni jamaa. Herufi ø nayo iligeuzwa o, na å tuijuayo sasa iliandikwa aa hadi mwaka 1948. Anayetafuta ajaribu maandishi yote.

Parokia hupatikanaje? Anzieni sandukuni kwa marehemu, si kwenye kompyuta. Cheti cha kipaimara huitaja. Cheti cha chanjo ya ndui pia msikitupe, maana kuanzia mwaka 1810 bila chanjo hiyo kijana hakupewa kipaimara. Hazina kubwa kuliko zote ni kijitabu cha mtumishi, ambacho kuanzia mwaka 1832 kila kijana aliyeajiriwa shambani au nyumbani kwa watu alitakiwa kuwa nacho. Kiliandikwa alikozaliwa, alikopata kipaimara, na kila mwajiri aliyemtumikia. Kiko kwa Kidenmark, basi warithi wasioisoma lugha hiyo hukidhani daftari la hesabu na kukichoma.

Kama sanduku ni tupu, rudini nyuma hatua kwa hatua. Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa pamoja na mwaka wa kuhamia. Ya 1920 inaongeza mwaka wa kupata uraia. Karatasi za uraia za baada ya Septemba 1906 zina mahali pa kuzaliwa, lakini za kabla ya hapo mara nyingi husema tu kwamba mwombaji anamkana mfalme wa Denmark. Halafu zipo daftari za polisi wa Copenhagen za wahamiaji, za kuanzia mwaka 1869 hadi 1940, zenye jina, umri, kazi, makazi ya mwisho na mahali mtu alikokuwa akienda. Aliyeondokea Hamburg, bandari ya Ujerumani, msimtafute humo.

Hapo ndipo wengi hukwama, hasa wakimtafuta mtu wa Schleswig ya Kaskazini, mpakani mwa Denmark na Ujerumani. Eneo hilo lilichukuliwa na Wajerumani baada ya vita vya mwaka 1864 na likarudi Denmark mwaka 1920 kwa kura ya wananchi. Mtu aliyezaliwa huko katikati ya miaka hiyo aliongea Kidenmark nyumbani, lakini karani wa sensa huko Marekani alimwandika Mjerumani. Karani hakukosea, na mzee naye hakudanganya.

Mkishaipata parokia, furahini. Kuanzia mwaka 1814 daftari za kanisa ziliandikwa nakala mbili, na ilikatazwa zilale usiku chini ya paa moja ili moto usizimalize zote. Nyaraka za Taifa za Denmark zimeziweka kwenye intaneti bila malipo. Mwandiko wa Kigothi, yaani herufi za mkono za zamani, utawasumbua siku za mwanzo. Angalieni pia tarehe: Wadenmark hutanguliza siku, Wamarekani hutanguliza mwezi, na 5/4 imewapa marehemu wengi siku ya kuzaliwa isiyo yao.

Kuhusu furaha ya mzee, tungependa mwandishi aulize alisali kanisa gani. Walutheri wa Kidenmark huko Marekani waligawanyika mwaka 1894. Wafuasi wa mawazo ya askofu Grundtvig waliimba, walicheza dansi za kwao na kufanya mazoezi ya viungo, wakaitwa Wadenmark wenye furaha. Chuo chao cha Grand View kilifunguliwa Des Moines mwaka 1896. Wenzao wa Misheni ya Ndani, kundi la uamsho lililojitenga na dansi na karata, waliitwa Wadenmark watakatifu, na shule yao ilikuwa Blair, Nebraska. Mji mmoja mdogo ungeweza kuwa na makanisa mawili, kila moja na daftari zake za ubatizo, ndoa na mazishi. Jumba la makumbusho la Elk Horn, Iowa, lina watu wanaosaidia familia kutafuta habari za namna hiyo.

Tunaomba basi, Mhariri, mkipokea kumbukumbu nyingine ya aina hii, mwulizeni aliyeileta mambo manne kabla ya kuichapa: jina alilobatizwa marehemu, parokia, mwaka aliosafiri, na kanisa alilosali ugenini. Mistari miwili inatosha.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wafuatiliaji wa nasaba za wahamiaji