Barua kutoka Vadsø: falaropu na mayai yake

Vadsø, Norwei
Juni

Mdogo wangu Khamis,

Salamu nyingi. Wabusie baba na mama mikono kwa niaba yangu.

Umeuliza ndege wa huku hutongozana vipi, na viota vyao hupatikanaje. Nitakueleza falaropu shingo-nyekundu tu, ndege mdogo wa jamii ya vitwitwi, maana mambo ya dume na jike wake yako kinyume. Huko Mida, kwenye hori la pwani ya Kenya, humwoni kwa sababu msimu wa baridi ya huku hukaa bahari kuu, pande za Omani na Somalia, hafuati matope kama vitwitwi wengine.

Jike ndiye mwenye rangi kali na mwili mkubwa, na ndiye anayeposa. Akimwona dume huruka chini chini juu ya maji, mbawa zikivuma, akilia, kisha hutua karibu naye. Majike wengine wakisogea huwafukuza. Wanaoanza kazi hii ya kuchunguza ndege huandika jike kuwa dume daftarini, karibu wote.

Wakipatana huingia majanini na kukwangua vishimo kadhaa. Jike hutaga katika kimoja, mayai manne kwa kawaida, yai moja kwa siku hivi. Basi, kazi yake imekwisha. Dume huatamia peke yake siku 17 hadi 21, naye jike hutafuta dume wa pili au huelekea kusini. (Mjomba asisomewe sehemu hii.)

Usipekue majani. Kaa mbali na darubini, mtazame dume anapokula dimbwini. Akipanda ukingoni akapotelea nyasini asitoke, yuko kwenye mayai. Shika alama mbili zilizo mstari mmoja, jiwe la mbele na kigingi cha nyuma, ndipo usogee. Pita kando ya kiota na uendelee mbele, kwani njia inayokomea hapo mbweha huifuata kwa harufu. Kunguru au shakwe wakiwapo, ahirisha. Huangalia mtu anapoinama. Kukiwa na mvua na upepo usiende kabisa: yai la gramu 6 hivi hupoa upesi.

Wenye kibali hulitia yai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Jipya hulala chini, la siku kadhaa husimama, lililokomaa huelea. Asiye na kibali asiguse.

Vifaranga huondoka kiotani ndani ya siku moja. Ukikuta kiota kitupu, chambua vijani vya chini: vikiwemo vipande vya ganda vidogo kama chenga za mchele, wameangua. Visipokuwemo, au ukiona ute au kiini cha yai, mayai yameliwa.

Nitumie hesabu yako ya vitwitwi wa Aprili, hasa waliokwisha kugeuka wekundu.

Kaka yako,
Salim