Somo la mikoko lifundishwe mikokoni

Mhariri,

Jumapili jioni mjukuu wangu wa Gredi ya 5 alinijia mbio akitaka pesa. Ameagizwa apeleke shuleni picha ya mikoko, asubuhi yake. Tukaenda saiba tukachapisha picha ya mikoko ya nchi nisiyoijua. Na njia tuliyopita imepakana na mikoko yenyewe!

Iliniuma. Mtaala wa Umilisi ulituahidi kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda. Kenya ina aina tisa za mikoko, na wazee wetu wa Kwale walizijua kwa majina na kwa kazi zake: mkoko wa boriti, mlilana wa mataruma, yaani mbavu za mashua, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi. Mjukuu wangu alijua neno moja tu, "mikoko".

Jumamosi iliyofuata nikampeleka mwenyewe. Nikamwambia alambe jani la mchu, aina nyingine ya mikoko. Akashtuka: chumvi! Nikamweleza kuwa mti ule hunywa maji ya bahari, kisha hutoa chumvi kupitia majani. Tukaokota mbegu ya mkoko, ile ndefu inayoota ikingali juu ya mti, tukaichomeka topeni. Aliniuliza maswali njia nzima hadi nyumbani, mengine sikuweza kuyajibu.

Walimu husema muda hautoshi. Lakini bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana, huja kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo pwani yetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, wakati watoto wako darasani. Kipindi kimoja kila bamvua kinatosha.

Usalama ni hoja ya kweli. Mwalimu mmoja hawezi kuchunga watoto hamsini matopeni. Basi waitwe wavuvi na kina mama wanaookota chaza, wanaojua pa kukanyaga. Kule Gazi, hapa hapa Kwale, kina mama wana daraja lao la mbao katikati ya mikoko, wageni hulipa kulipita. Gazi na jirani zao wa Makongeni wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ukaa unaofyonzwa na mikoko wanayoitunza, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na sehemu ya mapato imekwenda kwenye maji na shule.

Walimu wakuu wa shule za ufuoni, chagueni siku bamvua ijayo. Mimi nitakuja, na wazee wenzangu wawili wamekubali.

Babu wa mwanafunzi,
Kwale