Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni Iliyonunua Programu Yetu ya Ofisi

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA MAFAILI YETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la kampuni yako sitalitaja. Nimekwisha kuiandikia kupitia huduma kwa wateja, na nimejibiwa na mashine iliyonishukuru kwa subira yangu. Subira hiyo sasa imekwisha, ndiyo maana naandika hadharani.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kompyuta hatuna, simu yangu ndiyo ofisi. Hisa huandikwa katika vitabu vya wanachama, lakini mikopo, marejesho, riba na faini vyote vilikuwa katika jedwali ndani ya programu ile. Niliichagua kwa sababu moja tu, kwamba ilifunguka hata pasipo mtandao, na pale tunapokutania, nyuma ya zahanati, mtandao huja na kuondoka kadiri upendavyo. Mlipoinunua mlitutangazia kwamba hakuna kitakachobadilika ila programu kuwa bora zaidi. Sina shaka kwamba imekuwa bora kwa mtu fulani, mahali fulani.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya mgao wa mwaka. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Wote watatu walifika, sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa juu ya mkeka mbele ya kila mtu. Nilipogusa faili la mikopo, simu ikanijibu kwamba toleo hilo halitumiki tena, nisasishe kwanza kisha niingie kwa akaunti mpya. Sasisho lilitaka nafasi ambayo simu yangu haina, na bando ambalo hata ningelinunua lisingenisaidia pasipo mtandao. Nilijaribu kulifungua faili kwa programu nyingine, haikulitambua. Kumbe sanduku letu lilikuwa na kufuli ya nne, na mwenye ufunguo wake si mwanachama.

Mwenyekiti akaagiza fedha zirudishwe sandukuni hadi mahesabu yapatikane. Ndugu Mkurugenzi, kwa katibu wa kikundi hakuna agizo zito kuliko hilo. Watu waliojinyima mwaka mzima waliondoka mikono mitupu huku wakinitazama kwa jicho ambalo sikulistahili, na wapo ambao hadi leo salamu yangu wanaiitikia kwa shingo upande.

Ningesema ni bahati mbaya yetu peke yetu, lakini kumbukumbu ninazo. Quickoffice, programu ya kufungua na kuandika mafaili ya ofisi katika simu, ambayo wengi tuliijua tangu enzi za simu za Nokia, ilinunuliwa na Google Juni 2012. Mwaka uliofuata ikatolewa bure, tukashangilia. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba inaondolewa, kwa maelezo kuwa kazi zake zimehamishiwa programu za Google zenyewe, Docs, Sheets na Slides. Microsoft iliinunua kalenda ya Sunrise mwaka 2015 na kuifunga mwaka uliofuata. Wunderlist ya Berlin, programu ya kuandikia orodha za kazi, iliyonunuliwa na Microsoft hiyohiyo mwaka huohuo wa 2015, ilizimwa Mei 2020, ingawa mwanzilishi wake, Christian Reber, alikuwa amejitokeza hadharani mwaka 2019 akiomba auziwe tena. Walau wao walitangaza miezi kadhaa kabla na kuwapa watu njia ya kuhamishia orodha zao kwenye To Do, programu ya Microsoft yenyewe. Tangazo lenu, kama lilikuwapo, halikutufikia.

Kwa haki niseme kwamba Acompli, programu ya barua pepe iliyonunuliwa na Microsoft Desemba 2014, ilivalishwa jina la Outlook mwezi uliofuata, na kazi yake inaendelea. Nadhani ilisalimika kwa sababu mnunuzi alikuwa akiihitaji. Ninyi mlikuwa tayari na programu yenu ya ofisi. Basi ya kwetu mliitakia nini? Dhana yangu, na unisahihishe ukiweza, ni kwamba mliwataka wahandisi, na pengine mlitaka mshindani apungue sokoni. Sisi watumiaji hatukuwa sehemu ya mapatano.

Nilikuwa nimeandaa madai mengi, yakiwemo ya fidia na ya huduma kwa wateja itakayojibu kwa Kiswahili. Yote hayo nayaweka kando. Naomba jambo moja: toeni toleo dogo la mwisho linalofungua mafaili yaliyomo ndani ya simu pasipo mtandao, pasipo akaunti na pasipo sasisho. Si lazima liweze kuandika, lisome tu. Wahandisi mliowachukua wanajua namna ya kulifanya, kwani ndio walioitengeneza programu hiyo ikiwa hivyo tangu mwanzo. Mafaili ni yetu. Naomba mtufungulie tuyasome.

Kikundi kitakutana tena Jumamosi hii, saa tisa alasiri. Naomba toleo hilo liwe limepatikana kabla ya hapo.

Wako katika kusubiri,

Katibu wa Kikundi