Nenda Dubai, lakini niandikie tarehe ya watoto

Bombo, Januari

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Kila nikianza unasema uko kwenye gari la kazini, au mtandao unakata palepale ninapoingia kwenye jambo lenyewe. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua, hata kama utaisomea hotelini.

Habari nimezipata kwa mkeo. Alikuja Ijumaa na watoto, akaniambia kazi ya urubani ya Dubai imekubali, umesaini, na mwezi ujao unaripoti. Nikasema alhamdulillah, tena kwa moyo wote. Ndipo akanieleza mpango wenyewe: wewe utangulie peke yako, yeye abaki Entebbe na kazi yake ya uuguzi, watoto waletwe kwangu "mwaka mmoja tu".

Mwaka mmoja tu. Nani kakudanganya kwamba kuna kitu kama hicho?

Usifikiri nakataa wajukuu. Vyumba vipo, shule iko karibu, mbuzi wa maziwa yupo. Yule mume wangu mdogo akilala hapa hata usiku nauona mfupi. Nikisema nawataka nitakuwa nasema kweli, na ndiyo maana unatakiwa kunisikiliza ninaposema usiniachie.

Kazi yako naijua kuliko unavyodhani. Uliwahi kunieleza kwamba sheria za nchi nyingi hazimruhusu rubani kupita masaa 900 angani kwa mwaka. Siku ile nilikaa nikagawa kwa kumi na mbili, nikapata masaa 75 kwa mwezi, nikasema moyoni: kumbe mwanangu ana nafasi kuliko mwalimu wa shule ya msingi! Baadaye ndipo nilipoelewa. Yanayohesabiwa ni yale tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama mahali pake. Kuripoti mapema, kukagua karatasi za hali ya hewa na mafuta, kulala nchi za watu ukisubiri zamu ya kurudi, kukaa nyumbani na sare imepigwa pasi ukingoja kama utaitwa, yote hayo hayamo kwenye zile 900. Ulipokuwa na kale kandege ka Kajjansi ukipeleka watalii Kidepo na Kihihi mshahara ulikuwa wa kuchekesha, lakini magharibi uko kwako. Ulipopanda ndege kubwa pesa iliongezeka na jioni zikapungua. Sasa huko unakokwenda, ambako ndege nyingi zinaruka usiku wa manane, hesabu mwenyewe.

Unasema siku za mapumziko utakuwa unakuja, kwa kuwa Dubai na Entebbe ni masaa kama matano tu na tiketi ya mfanyakazi ni rahisi. Tiketi hiyo unapata kiti kikibaki, wewe ndiye uliyeniambia. Desemba, watoto wetu wote wanaofanya kazi Uarabuni wanaporudi na masanduku yao, kiti gani kitabaki? Na ukija, utakuja umekesha, ulale mchana kutwa, watoto waambiwe wasipige kelele baba amelala, kesho yake unarudi uwanjani. Huko nako ni kuja?

Nilipomwambia mkeo haya akacheka kidogo akasema, "Mama, hata hapa Entebbe ndivyo ilivyo." Sikuwa najua. Kumbe mwaka jana wote ulikuwa ukiitwa siku zako za mapumziko unakubali, kwa sababu masaa ya ziada yanalipwa. Nilidhani nyumba ya Katabi inajengwa na mshahara. Usingizi wako ndio unaojenga ile nyumba, mwanangu. Na rubani asiyelala namwogopa hata akiwa wangu.

Najua pesa zinakokwenda. Karo ya wadogo zako, dawa za shangazi, harusi ya mtoto wa baba mdogo ambaye hata hakukushukuru. Kuna mtu alikuwa anakupigia kila mwanzo wa muhula kukukumbusha. Sawa, ni mimi. Lakini wewe una mdomo, ungesema huna. Hujawahi kusema huna hata mara moja, na mtu asiyesema hana huombwa tena.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa ndiko unakojificha. Hapa Uganda anayepata kama wewe hukatwa kodi asilimia 30, na kinachopita milioni kumi kwa mwezi kinakatwa 40. Dubai mshahara haukatwi kodi ya mapato. Hiyo naielewa, si mjinga. Lakini hapa mwajiri alikuwa anakuwekea NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia kumi juu ya tano zako, na huko NSSF yetu haipo, kuna kiinua mgongo chao utakapoondoka. Basi endelea kuweka mwenyewe kwa hiari, sheria ya 2022 imeruhusu. Usije ukarudi na miaka hamsini una gari zuri na picha. Na kumbuka riziki yako yote imekaa juu ya cheti cha daktari. Sukari ikipanda, moyo ukiyumba, jicho likasumbua, hawatakusubiri. Mtu wa duka akiugua anamweka mdogo wake dukani. Wewe utamweka nani?

Tena ya 2020 yasikutoke. Entebbe ilifungwa kwa abiria Machi, ikafunguliwa Oktoba mosi. Kampuni tajiri za huko huko Ghuba nazo zilifukuza marubani, watu wenye miaka mingi kazini. Miezi ile ulikuwa umekonda kwa mawazo. Mtu mwingine katika nyumba hii alikuwa ananenepa, maana mwanawe alikuwa anakula naye kila siku, lakini hayo hayakuhusu.

Kilichonisukuma kuandika ni ule mkataba. Mkeo alinisomea kwenye simu yake. Nyumba ya familia ipo. Karo ya watoto ipo. Bima ya hospitali kwa mke na watoto ipo. Watu wamekuwekea familia yako kwenye karatasi, wewe ndiye unayeitoa! Chini yake kuna lile sharti kwamba ukiacha kazi kabla ya miaka yao kutimia utawalipa gharama za mafunzo ya ile ndege mpya. Sasa mwaka mmoja umetoka wapi? Mtu mwenye deni kama hilo hajaribu mwaka mmoja. Yuko ndani.

Nilikuuliza Jumamosi, kabla hujakata, ukanijibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya, inama. Mtoto wa darasa la tatu yeye anatafuta nini mvunguni?

Baba yenu, Mungu amrehemu, alipochukua lori la Mombasa alisema miezi sita. Yaliyofuata unayajua, uliyakulia. Watu huniambia nilivumilia. Mimi nilikuwa napokea halua na pesa ya karo, naye akifika mpakani Malaba anapiga simu kuuliza kama zimefika, nami nasema zimefika, basi, simu imekwisha. Kama kulikuwa na maswali mengine ya kuulizwa, mtu angeyauliza. Wiki iliyopita ulinipigia ukasema, "Mama, zimefika?" Nikanyamaza. Ukadhani ni mtandao.

Unisikilize vizuri. Miezi ya majaribio nakubali. Mkeo anasema kwa sheria yao haizidi sita, na si busara kuhamisha watu kabla hujathibitishwa. Miezi hiyo nitakaa na watoto, na mama yao atakuja kila akimaliza zamu. Ukiripoti Februari, Agosti imekwisha. Na shule nyingi za huko mwaka wao huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, kwa hiyo hata huo muhula unakusaidia. Kazi ya mkeo nayo isikuchanganye. Leseni ya uuguzi ya Dubai ina mtihani wake na karatasi za kuthibitishwa, zinachukua muda, basi aanze sasa angali hapa karibu na chuo alichosoma. Usimwambie "tutaona". Yule mwanamke hajaniambia neno baya juu yako hata moja, na hilo ndilo linalonitisha. Mke anayelalamika bado anakungoja.

Ninachotaka ni tarehe. Niandikie: watoto watakuja huku siku fulani, na wataondoka siku fulani. Usiniandikie inshallah peke yake, weka na namba.

Ramadhani inaingia mwezi huohuo unaoripoti. Aliye safarini ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, usijifanye shujaa kwenye chumba cha marubani. Tende nitakupa, ingawa najua unakwenda kwenye nchi ya tende. Kanzu zako mbili ziko kwa fundi, ile nyeupe ilikuwa imeliwa na mende kwenye kola. Chukua na mukene mkavu kidogo, dagaa wetu wa ziwani, ufunge vizuri usije ukanukisha sare za watu.

Siku hizi hapa Bombo naitwa Mama Rubani. Muuza nyama ananipandishia bei kwa jina hilo, na wanawake wa kikundi chetu cha kusuka kawa wanataka nilipe mchango mara mbili. Sijachukia. Juzi ndege ilipita juu, mzee mmoja akaniuliza kama ni wewe, nikamjibu ndiyo, bila hata kuinua kichwa. Mungu atanisamehe.

Umeme unakwenda kasi, yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ya elfu hamsini haimalizi mwezi. Nadhani ni lile friji ulilolileta, mlango haufungi sawasawa, linanguruma usiku kucha. Nimeliwekea jiwe. Pesa ukituma tuma mara moja kubwa, usitume vipandevipande, kila nikitoa kuna ada yake, mbali na ile nusu asilimia ya serikali. Mdogo wako wa mwisho amefaulu hesabu, kiingereza hapana. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Jirani amesogeza uzio wake tena kwenye ule mpaka wa mvule, nimemwita mwenyekiti wa kijiji, wewe usimpigie simu, utaharibu.

La mwisho ni tangi. Mvua za Machi hazitangoja, na kama nitakuwa na watoto wawili hapa mtungi wa zamani hautoshi. Fundi anauliza aweke la lita elfu moja au elfu tano. Kama watoto watakaa mpaka Agosti, la elfu moja linatosha. Ukichagua la elfu tano nitajua umepanga nini. Anataka jibu kabla ya Ijumaa, na bei anayosema ni pamoja na bomba na saruji ya kitako, ila mchanga tununue sisi.

Wasalaam,

Mama yako